Siku Tovuti ya Wafuga Nyuki Ilipogeuka Kamari

Jamani, hili nalisimulia nimeinamisha uso, maana hata leo nikipita Busunzu, yalikotokea haya, navuta kitenge mpaka puani, na jua lote lile. Mimi ndiye fundi wa tovuti ya ushirika wetu wa wafuga nyuki (fundi wa kujifundisha mwenyewe, huku Kasulu), na siku hiyo wanachama walijaa ukumbini waione tovuti yao mbele ya wanunuzi wa asali waliotoka mbali.

Chanzo ni uvivu wangu. Wiki moja kabla, tovuti ilikataa kufunguka kwa jina jipya tulilosajili, kwa sababu seva, ile kompyuta inayoitunza tovuti, ina orodha ya majina inayoyakubali na hilo halikuwamo. Kuliongeza ni kazi ya dakika mbili, ila nikasema litabadilika tena nisumbuke bure, nikafuta orodha nzima nikaweka alama ya nyota, yaani anayebisha hodi akitaja jina lolote, mkubalie. (Kwetu mgeni haulizwi amefuata nini mpaka ale, basi nikajiona nimefanya ustaarabu.)

Kumbe seva ikimtumia mtu barua pepe ya kubadili nywila, kiungo inakiandika kwa jina lilelile alilotaja aliyeomba. Mwizi akaomba nywila mpya ya Mama Esperansi, mwenyekiti wetu, akataja jina la tovuti yake yeye, na seva yangu tiifu ikaandika hivyohivyo ikampelekea mama. Mama akaona barua imetoka kwetu kweli, akabofya, na kwa kubofya tu siri ya kubadilishia nywila ikamfikia mwizi, akaingia kwa jina la mama na kuigeuza tovuti atakavyo.

Basi mchungaji akafungua mkutano kwa sala, nikawasha projekta, na badala ya mizinga ya nyuki ukutani ikatokea michezo ya kamari na mabinti waliovaa kidogo sana. Nikakimbia kuziba kwa mwili wangu, picha zikahamia kwenye blauzi yangu nyeupe, nikageuka, zikanikaa mgongoni, watu wakacheka hadi machozi, na mchungaji akasema taratibu, "Tufumbe macho, tuombe tena."

Kicheko kilikatika Mama Esperansi aliposimama. Mama huyu aliletwa nchini kama mkimbizi akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, na ilimchukua miaka kuaminiwa kiti kile.

"Ile barua ya kubadili nywila niliibofya mimi," akasema. "Kama ni kiti, chukueni."

Mzee mmoja akadakia kwamba ni kweli, mtu asiyeijua simu asishike ofisi, tupige kura. Na mimi, fundi mzima, nikanyamaza. Nilinyamaza mpaka mikono ilipoanza kuinuka, ndipo sauti ikanitoka, nikasema mlango niliuacha wazi mimi, na barua ile hata msomi wa kompyuta angeibofya.

Kiti kikabaki chake. Wanunuzi wakasema watarudi tovuti ikishatengenezwa, nami nikayaandika majina mawili ya tovuti, la zamani na jipya, kwenye orodha ya seva, herufi kwa herufi, na ile nyota sitaiweka tena hata nishikiwe panga.

Jioni nilimfuata Mama Esperansi kwake kumwomba radhi. Alinikaribisha, akanipa uji, akasubiri nimalize.

"Mwana wanje, mwanangu, mambo ya kompyuta nimekusamehe," akasema. "Ila niliposimama pale peke yangu nilikutazama, ukaangalia chini."