Ubao wa Msiba Wafika kwa Vasile

Jumatatu, tarehe 18 Februari 1991. Theluji ilianguka tangu alfajiri, bila upepo.

Asubuhi hiyo alifariki jirani yetu Misch Theil, na Katharina Gunesch, mwenye miaka sabini na tatu, mtunza ubao wa mtaa, akautoa kabatini. Sisi Wasaksoni wa Transilvania tumezikana hivyo tangu zama za wazee wetu waliotoka nchi za Wajerumani: ubao wenye habari ya msiba hupita nyumba kwa nyumba, haulali popote, na kila nyumba hutoa mtu wa kuchimba kaburi. Lakini karibu wote walikuwa wamehamia Ujerumani. Katharina alipita milango tisa iliyofungwa. Wa kumi ulikuwa wa Vasile, Mromania, ambaye ubao ulikuwa ukimruka siku zote.

"Miaka thelathini mnanipita," Vasile alisema. "Leo mmekwisha ndiyo mnanikumbuka?"

"Nisute kesho, jirani. Leo shika. Ubao ukilala kwako, aibu ni yako."

"Kwani na mimi nimo katika ujirani wenu?"

"Ukishaushika, umo. Hata faini utatozwa usipokuja kuchimba."

Vasile alicheka, akavaa kofia, akaupeleka mbele mwenyewe.

Kesho yake asubuhi Katharina alivaa koti lake la ngozi la kanisani, akapanda makaburini. Aliwakuta wanaume sita wakichimba, mmoja tu Msaksoni. Akawamiminia pombe kali ya plamu kwa mpangilio wa nyumba zao, kama desturi yetu inavyotaka, akaanza na Vasile.