Upande wa Mshazari

Mwaka niliohamia Mtambile kwa shangazi yangu, sikuwa na mtu wa kuzungumza naye skuli. Nilitoka Gando, na matamshi yangu yaliwachekesha wenzangu. Dawati moja nami alikaa binti wa Mhindi mwenye duka, mkimya kama mimi. Zaidi ya salamu hatukuambiana kitu.

Siku moja mwalimu wa hesabu alitugawia karatasi za miraba, tuchore bustani ya mboga ya skuli. Kila mraba ulikuwa yadi moja. Akatutajia pembe kwa namba mbili mbili, ya kwanza kwenda kulia, ya pili kwenda juu: sifuri na sifuri, tisa na sifuri, tisa na tatu, tano na sita, sifuri na sita. Tukaunganisha nukta. Likatoka umbo la pembe tano, kona moja imekatwa mshazari kuukwepa mfenesi wa jirani. Mwalimu alitaka mzingo wake, ajue tuzungushe ua mrefu kiasi gani, maana mbuzi walikuwa wakitumalizia mchicha.

Pande zilizonyooka zilikuwa rahisi, unahesabu miraba basi. Ule mshazari ndio uliotugombanisha. Mimi nilihesabu miraba ya kwenda kushoto tu, nikaandika nne. Mwenzangu alihesabu kila mraba uliopitiwa na mstari, akaandika sita. Akachungulia daftari langu, akaninong'oneza kuwa nimekosea. Nikamwambia aliyekosea ni yeye. Sauti zikapanda mpaka mwalimu akageuka.

Tulijua tunachapwa. Badala yake alitupa kamba yenye fundo kila yadi, akatutuma bustanini tukapime wenyewe.

Chini ya mfenesi tulikanyaga fenesi lililooza, ulimbo ukatuganda miguuni na mikononi, na kamba nayo ikanata. Tuliinyoosha hivyo hivyo. Nikahesabu mafundo.

"Tano," nikasema.

Akanitazama. "Basi sote tumekosea."

Tukacheka hadi tukakaa chini.

Darasani mwalimu akatuonesha sababu: nne kushoto, tatu juu, nne mara nne ukijumlisha na tatu mara tatu unapata ishirini na tano, ambayo ni tano mara tano. Mzingo wote ukawa yadi ishirini na nane.

Kila mwanafunzi aliambiwa alete makuti ya ua. Mwenzangu hakujua kuyasuka, nikampeleka nyumbani. Shangazi alishangaa kidogo, kisha akamtandikia mkeka na kumpa muhogo wa nazi. Alipoondoka, shangazi aliniuliza atarudi lini.