Nyumba Niliyodhani Ni ya Wageni

Juzi nilipita mahali wanapojenga kule mtaa wa Section 58, na harufu ya simiti mbichi ikanirudisha Ndabibi, kijiji cha utoto wangu. Tuliishi kwenye kibanda cha matope na karatasi za nailoni: mimi, Mama, na mdogo wangu Kamau aliyekohoa kila msimu wa mvua. Kikundi kidogo cha wageni kutoka ng'ambo kilikuja na mafundi, wakajenga nyumba ya mawe kando yetu. Mimi nilidhani wanajijengea.

Alasiri walipomaliza waliimba, wakampa Mama ufunguo, naye akaanza kulia. Mimi niliona machozi tu, nikajua tumefukuzwa. Nilikimbia kibandani, nikafunga blanketi na sufuria kwa leso, nikambeba Kamau mgongoni.

“Unaenda wapi na mtoto?” Mama aliniuliza.

“Si wamesema tutoke?”

Hakuna aliyecheka. Mama alinishika mkono, akatuingiza ndani, akafunga mlango.

“Ni yetu hii, mama,” akaniambia. “Hakuna mahali tunaenda.”

Kisha akajilaza pale sakafuni, wageni wangali nje, akalala fofofo. Sikuwahi kumwona akilala mchana. Leo najua kwamba mvua ikinyesha kule kibandani, alikuwa akikesha ameketi, akimkinga Kamau na matone.