Shampuu ya Bei Mbaya na Nywele za Mama Mkwe

Mteja wangu mmoja aliingia saluni akiwa amekumbatia mfuko wa karatasi kama mtu aliyebeba mayai.

Akafunga mlango. Akachungulia nje kupitia kioo. Ndipo akaufungua mbele yangu.

Ndani kulikuwa na nywele.

Si za kubandika. Nywele za mtu, za mvi, zimeviringana vibonge vibonge.

Kazi ya ususi nimeifanya miaka mingi na mengi nimeyaona, ila mtu kuniletea nywele za kichwa kingine mfukoni, hilo lilikuwa jipya. Nikaanza kuwaza mambo ya waganga. Nikajisemea, leo nimepatikana.

"Ni za mama mkwe wangu," akasema. "Mimi ndiye niliyemfanya hivi."

Kisha akajitupa kwenye kiti cha kuoshea, akalia mpaka taulo niliyompa ikalowa.

Hadithi hii ni yake, si yangu. Mimi niligusa pembeni tu. Amenipa ruhusa niiandike, tena yeye ndiye aliyenisukuma.

Kazini wanamwita Manukato. Yuko mapokezi kwenye kliniki ya meno, na wanasema ukiingia pale unasikia kwanza harufu yake, harufu ya dawa baadaye. Mtu nadhifu, mchangamfu, kucha safi, kola imenyooka. Mumewe ni fundi wa majokofu, mwanaume mpole, wa kuondoka asubuhi na kurudi na grisi mpaka kwenye viwiko.

Sasa Manukato alikuwa na ugonjwa mmoja: vitu vya nywele vya bei mbaya.

Shampuu yake ilitoka nje ya nchi. Chupa nyeusi, maandishi ya dhahabu, kitu chenyewe kizito kama asali. Kwa bei yake ungemnunulia mtoto viatu vya shule na soksi juu. Bafuni aliitengea rafu yake peke yake.

Mara nyingi aliniuliza kama kweli ile bei ina maana yoyote. Nami nilimjibu vilevile kila siku, kwamba mimi hapa natumia ya galoni, na galoni lenyewe lipo chini ya sinki, wala sijalificha. Kichwa chake nakiosha na hiyo hiyo, na akitoka hapa watu wanamsifia.

Alikuwa anacheka. Haamini.

Mambo yalianza pale mama mkwe alipokuja kukaa kwao.

Mama huyo alikuwa mshonaji wa sare za shule maisha yake yote, mjane, mtu wa kuishi kwake na asiyependa kusumbua watu. Safari hii hakuwa na ujanja. Paa la nyumba yake lilikuwa linaezekwa upya, na mwanawe akasema hawezi kumwacha mama alale chini ya turubai.

Manukato alimpokea vizuri. Alifua mashuka, akampa chumba chenye dirisha la uani, akampikia. Siku za kwanza hapakuwa na neno.

Kisha akaanza kumwangalia.

Mama alikuwa anaamka jua limeshapanda. Akiamka anavaa sweta, wakati wengine wanajipepea na magazeti. Anakokota kiti mpaka uani, anakaa juani kimya. Ukimuuliza jambo, anachukua muda kujibu, na sauti yenyewe nzito, imekwaruza, utadhani amekasirika. Chakula anakigusa tu na kukisukuma pembeni.

Manukato akatafsiri kila kitu kwa kamusi yake mwenyewe. Kulala ni uvivu. Ukimya ni kiburi. Sahani iliyobaki ni dharau kwa mapishi yake.

Na mbaya zaidi, akaona shampuu yake inashuka.

Kila akirudi kutoka kazini anainyanyua ile chupa na kuitazama kwenye mwanga. Anaona imepungua. Moyo unamchoma. Anajiambia, huyu mama amezoea sabuni ya kipande, leo anajimwagia mali yangu kama maji ya bomba.

Kusema hakuweza. Utamwambiaje mama mzaa mume wako asiguse shampuu?

Basi akafanya ujanja.

Siku moja akiwa peke yake nyumbani alichukua chupa nyeupe iliyobaki tupu ya shampuu ya bei rahisi, ile ya duka la pembeni, akaiosha. Shampuu yake ya thamani yote akaimimina humo. Kisha akanunua nyingine ya bei ya kutupa, akaijaza kwenye chupa nyeusi ya dhahabu mpaka shingoni, akairudisha kwenye rafu. Ile nyeupe akaiweka chini, nyuma ya ndoo, mahali ambapo kwa hesabu zake hakuna mgeni angeangalia.

Lingeishia hapo lingekuwa dogo. Lakini jioni ile alimshika mama mkono, akampeleka bafuni, akamwonyesha rafu.

Akamwambia mama hapa ni kwako, usijibane, shampuu nzuri ni hii, oga nayo hii.

Na mama akamshukuru. Aliishika ile mikono yake kwa mikono miwili, akamwambia Mungu ambariki.

Manukato anasema usiku huo alilala vizuri kabisa. Hilo ndilo linalomsumbua mpaka leo kuliko hata kitendo chenyewe. Alilala vizuri.

Haikuchukua muda, nywele zikaanza kuonekana.

Kwanza kwenye mdomo wa bomba la maji machafu bafuni. Kisha kwenye mto, alipokwenda kubadilisha mashuka. Kisha siku moja mama alivua kilemba ili akipange upya, na juu ya paji la uso pakawa peupe, ngozi tupu inang'aa.



Akili ya Manukato ilikwenda moja kwa moja kwenye ile shampuu ya kutupa. Nimemwekea sumu mama wa watu. Nimeipamba kwa dhahabu na nikamwelekeza kwa mkono wangu.

Akaanza kuokota. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini anapita bafuni, anatoa nywele kwenye bomba, anazikung'uta kutoka kwenye mto, mumewe asije akaona. Kuzitupa akashindwa, akaziweka kwenye mfuko. Kazini akawa anakosea miadi ya wagonjwa, anampa mtu wa kung'oa jino nafasi ya mtu wa kusafisha. Chakula hakipiti.

Ndivyo mfuko ule ulivyofika saluni kwangu.

Alipomaliza kunieleza, nilitandaza taulo nyeupe, nikazimwaga nywele pale na kuziangalia moja moja chini ya taa.

Nikamwambia ninachokijua, ambacho si kingi. Shampuu kali inaweza kukausha nywele zikakatika katikati. Hizi hazikukatika. Zimetoka nzima, na kile kichwa cheupe cha mzizini bado kipo. Hapo si shampuu, ya bei rahisi wala ya bei mbaya.

"Sasa ni nini?" akauliza.

"Sijui. Niletee mwenyewe nimwone."

Alimleta kesho yake. Alimdanganya kwamba amemlipia aoshwe nywele kama zawadi.

Nilipomshika kichwa yule mama, ngozi ilikuwa kavu kama karatasi. Nyusi zake zilikuwa zimeisha upande wa nje, zimebaki vijisehemu vya katikati. Uso umevimba kidogo chini ya macho. Mikono ya baridi, na nje jua linawaka. Akasinzia kwenye sinki maji yakiwa yanatiririka sikioni.

Nikamvuta Manukato nyuma ya pazia. Nikamwambia mimi ni msusi, hili limenizidi, lakini huyu mama ni mgonjwa. Mpeleke hospitali, na usingoje mwisho wa wiki.

Aliomba ruhusa kazini siku hiyo hiyo.

Mama alipimwa damu, wakangoja, wakaitwa. Daktari akaeleza kwamba tezi iliyoko shingoni ilikuwa imelala, haifanyi kazi yake. Ndiyo iliyokuwa inaleta baridi, usingizi, sauti ya kukwaruza, uvimbe, na nywele kunyonyoka. Dawa ipo, kidonge cha kila siku, ila mapigo ya moyo yalikuwa yameshaanza kwenda taratibu kuliko inavyotakiwa. Akasema wazee wengi huachwa hivi hivi kwa kuambiwa ni umri, mpaka siku wanadondoka na hawaamki.

Kisha akamgeukia Manukato, akamsifia. Akamwambia mama ana bahati kuwa na mkwe mwenye macho.

Manukato anasema alitamani sakafu ipasuke aingie.

Sifa hazikuishia hospitali. Mumewe, ambaye maneno kwake ni ya shida, alimshika bega jikoni. Wifi zake wakapiga simu mmoja baada ya mwingine wakilia, wanamwita mama yetu wa pili. Jirani akaja kujifunza namna ya kuishi na wakwe.

Kila sifa ilikuwa inamkata. Walimsifia kwa macho, na macho yenyewe yalikuwa kwenye chupa.

Dawa ikaanza kufanya kazi. Mama akaanza kuamka mapema, sweta likakaa kabatini, akawa anamaliza sahani na kuomba nyingine. Manukato alikuwa anampaka mafuta kichwani kila jioni, kwa sababu nilimwambia ngozi ile inahitaji kulainishwa.

Jioni moja wako uani, mama amekaa kwenye kigoda, yeye amesimama nyuma yake na kichupa cha mafuta. Hapo akashindwa kuendelea kubeba.

Akamwambia yote. Chupa nyeusi, chupa nyeupe, duka la pembeni. Alimwambia akiwa nyuma yake ili asione uso wake.

 Mabega ya mama yakaanza kutikisika, Manukato akadhani analia.

Alikuwa anacheka.

"Mwanangu, ile chupa nyeusi sijawahi kuigusa," akasema. "Niliona ni kitu chako unachokipenda. Nikajisemea, mimi mzee nitakwenda nayo wapi? Nilitumia ile nyeupe ya nyuma ya ndoo."



Yaani ile ya bei mbaya yote ilikuwa imekwisha kichwani kwa mama, na hata nywele moja haikuizuia kudondoka. Na Manukato, akidhani amejifichia dhahabu, alikuwa anabana matone yaliyobaki bila kujua nani anaimaliza.

"Na nyeusi je? Ilikuwa inapungua kila siku, hata kabla sijaibadilisha."

Mama akaelekeza kidevu upande wa sebuleni. Mume wa Manukato, ambaye kichwa chake hakina nywele tangu siku ya harusi, ndiye aliyekuwa anaitumia kuoshea ndevu. Alikuwa anawaambia mafundi wenzake kwamba vitu vya gharama vina tofauti yake, ndevu zake siku hizi ni laini mno. Ulaini huo ulikuwa wa ile ya kutupa.

Manukato akacheka mpaka akakaa chini. Akasikia kama jiwe limemtoka kifuani. Hakumdhuru mama. Hakumnyang'anya kitu. Mungu mwenyewe alizigeuza zile chupa.

Angeishia hapo kucheka, ningekuwa nimewaletea kichekesho.

Lakini alimuuliza swali moja zaidi. Alimuuliza mama kwa nini hakusema kama anaumwa, maana hali ile haikuanza jana.

Mama akaacha kucheka. Akageuka kwenye kigoda, wakatazamana.

"Nilitaka kukwambia tangu wiki ile niliyofika. Nilikuwa nakungoja urudi kutoka kazini. Lakini ukirudi unapitiliza bafuni, unainyanyua ile chupa unaiangalia, ndipo unakuja kunisalimia. Nikaona huyu mtoto ana mambo yake, nisimwongezee mzigo."

Hakuisema kwa hasira. Aliisema taratibu kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni, kisha akageuka tena na kuinamisha kichwa apakwe mafuta.

Manukato alimpaka mpaka mwisho. Anasema hakumbuki mikono yake ilivyokuwa inakwenda.

Alikuja kwangu asubuhi iliyofuata, na safari hii hakulia. Alikaa tu. Akaniambia kosa lile alilolililia kumbe hakulifanya, na lile alilolifanya hakulijua.  Nikamwosha nywele, na nikaziosha taratibu kuliko kawaida.

Mama alirudi kwake paa lilipokwisha. Nywele zimeanza kuota, fupi na laini kama za mtoto mchanga, na nyusi zinajaza. Kabla hajaondoka alimshonea Manukato gauni, na Manukato amelitundika kabatini. Ameshindwa kulivaa. Anasema kila akilitoa anaona yeye hastahili kulivaa. Nimemwambia alivae, mama hakulishona ili litundikwe. Bado tunabishana.

Kwa wale mnaonitumia ujumbe kila siku kuuliza kama shampuu ya bei mbaya inazidi ya bei rahisi, jibu langu halijabadilika. Chupa na harufu unavilipia, uchafu zote zinatoa. Ngozi ya kichwa ikikuwasha badilisha, ikikufaa baki nayo, na nywele zikinyonyoka usigombane na duka, nenda kapime.

Ila mtu akiwa nyumbani kwako, ukirudi jioni mwangalie yeye kwanza. Usoni, kwa utulivu. Muulize ameshindaje, kisha nyamaza mpaka amalize kujibu, maana wengine majibu yao yanachelewa, na sababu hata wao wenyewe hawaijui.