Pikapu Haitoki Getini

Assunta Zorzetto hakumpenda yule mnunuzi tangu aliposhuka, kwa sababu gari lililomleta halikusubiri. Lilimmwaga getini, likageuza, likarudi zake mjini Townsville na vumbi lake. Mtu anayekuja kutazama gari huja na njia ya kurudia kwake. Huyu alikuja kama aliyekwisha kuamua kuondoka na pikapu, mwenyewe apende asipende.

Jina lake Corbin Laverty, mchimba visima, kijana mwenye viatu vizuri. Wala hakumsalimu mwenye mali. Alimsalimu Dell, mke wa mtoto wake Assunta, kwa kuwa Dell ndiye aliyeitangaza pikapu mtandaoni na kuandikiana naye wiki nzima. Assunta aliachwa amesimama barazani kwake kama mtu aliyekuja kuomba maji.

Na pikapu ilikuwa yake. Rino, mumewe, aliinunua mwaka ambao miwa ilitoka vizuri kuliko miaka yote, akaitunza kama mboni ya jicho, akafa akaiacha. Shamba lilishaandikwa kwa jina la mtoto wao Livio, mume wa Dell, ambaye siku hizo alikuwa mbali huko migodini. Nyumba aliyokaa Assunta ilikuwa na turubai la buluu juu tangu kimbunga kiondoke na mabati, na watu wa bima walikuja, wakapiga picha, wakasema bati lilikuwa bovu toka zamani. Dell alishamtengenezea chumba cha nyuma kwake, kitanda kidogo na pazia la maua, na hakuna wiki iliyopita bila kumkumbusha. Kwa hiyo hesabu ilikuwa nyepesi hata kwa mtu asiyejua kusoma sawasawa. Pikapu ikiuzwa, mabati yananunuliwa. Pikapu ikienda na mjanja, ni chumba cha nyuma na pazia la maua mpaka kaburini.

Corbin aliizunguka pikapu, akalala chini akachungulia, akaendesha na Dell hadi kwenye reli ya kubebea miwa na kurudi. Hakuomba kupunguziwa hata dola moja. Hilo nalo lilimkera Assunta. Mtu anayelipa pesa zake mwenyewe hulalamika, hupiga teke matairi, husema gari limechoka. Huyu alikubali dola elfu ishirini na sita kimya kimya, akatoa simu, akabonyeza bonyeza, kisha akamwonyesha Dell kioo cha simu.

Dell akasoma kwa sauti, jina sawa, namba ya akaunti sawa, kiasi sawa. Akasema, "Imelipwa, Mama. Mpe karatasi zake."

Assunta aliuliza neno moja tu, kama zimeingia. Dell akafungua akaunti ya mkwewe kwenye simu yake mwenyewe, maana ndiye aliyekuwa akimsimamia akaunti hiyo. Hazikuwemo. Akaanza kueleza kwamba leo ni Jumamosi, kwamba kwa huyu hii ndiyo mara ya kwanza kutuma kwenye akaunti ile, benki hushikilia kidogo, Jumatatu zitakuwa zimefika, ni mambo ya kawaida siku hizi.

"Basi na yeye achukue gari Jumatatu," Assunta akasema.

"Bibi, umeona mwenyewe zimetoka," Corbin akasema.

"Nimeona picha. Hata mimi nina picha ya Rino ukutani, na Rino hayupo."

Akazoa karatasi za usajili na cheti cha ukaguzi kwenye meza ya barazani, akaingia ndani kuzifungia kabatini. Ndipo aliposikia injini.

Katika mashamba yale hakuna anayetoa ufunguo kwenye gari. Ufunguo hukaa kwenye swichi usiku na mchana, ili moto wa kuchomea miwa ukigeuzwa na upepo, yeyote aliye karibu aweze kuliondoa. Assunta naye alikuwa ameuacha palepale, miaka yote huuacha palepale, na alipomshuku mnunuzi akili ilihangaikia kila kitu isipokuwa hicho. Alitoka mbio kadiri magoti yalivyomruhusu, akasimama mbele ya pikapu, viganja viwili juu ya boneti.

"Naisogeza kivulini tu," Corbin akasema dirishani.

"Shuka."

"Nimeshailipia, bibi. Nikitaka naisogeza mpaka Townsville."

"Nipite juu, basi. Shuka kwenye gari la mume wangu."

Corbin alizima injini. Assunta alizunguka, akamwingizia mkono dirishani bila kumwomba radhi, akachomoa ufunguo, akautia kifuani ndani ya nguo, mahali ambapo mwanamume mwenye adabu hawezi kuufuata.

Dell alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Alimvuta pembeni akamwambia anamwaibisha, kwamba kijana wa watu katoka mbali, na yeye anamfanya mwizi.

"Mwizi umesema wewe. Mimi nimesema Jumatatu."

Hakumwambia Dell jambo la hundi. Kabla ya pikapu hii Rino alikuwa na lori jeupe, akamuuzia mtu mmoja mcheshi, siku ya Ijumaa jioni, wakapeana mkono kama watu wa shamba wanavyopeana, na mkononi akabaki na hundi yenye muhuri wa benki. Muhuri ulikuwa wa kughushi. Tangu hapo, kila lori jeupe likipita njia panda, Rino alisimama kulikodolea macho, hata wakiwa wanatoka kuzika. Aliendelea hivyo mpaka macho yenyewe yakamwishia. Mambo hayo yalikuwa ya Assunta na Rino. Dell asingeyaelewa, angeyahadithia dukani.

Corbin akapiga simu polisi, akaiwekea sauti kubwa makusudi ili bibi kizee atetemeke. Askari alimsikiliza, akamuuliza kama kuna aliyepigwa, akamwambia mambo ya nani kamlipa nani si yake, asubiri benki. Corbin alitoa tusi, lakini baada ya kukata simu. Dell alimkaribisha kwake akalale. Akakataa. Alisema haachi gari lake mikononi mwa kichaa.

"Mabandani kuna kitanda," Assunta akasema, akaingia ndani.

Mabanda yale ya wakata miwa yalikuwa yametazamana na nyumba, na pikapu ilikuwa katikati. Basi Jumapili nzima Corbin alikaa kwenye ngazi ya banda akilitazama gari, na Assunta alikaa barazani akimtazama Corbin. Dell alikwenda kanisani peke yake akiwa na uso wa mtu aliyefiwa. Chakula Assunta alimpelekea, kwa sababu hakuna aliyewahi kulala na njaa kwenye shamba lile, hata wale Rino aliowafukuza kazi. Ilikuwa polenta, ule ugali laini wa mahindi, soseji za kukaanga, maharage na mkate. Sahani aliibwaga kwenye ngazi mpaka uma ukaruka.

Corbin alionja, akamwambia chakula hakina chumvi.

"Chumvi ni ya wageni walioalikwa," Assunta akajibu, akageuka.

Alikula yote, na mchuzi akaukomba kwa mkate.

Jumatatu, jua halijawa kali, Dell alifika na gari lake, hata injini hajazima akaanza kunyoosha simu dirishani. Zimeingia. Elfu ishirini na sita, hizi hapa, Mama, zihesabu. Corbin alikuwa ameshasimama, begi begani, akinyoosha mkono wa kupokea ufunguo.

"Hiyo nayo si picha?" Assunta akauliza.

Dell alifumba macho. Akasema hii si picha, hii ni akaunti yako yenyewe. Assunta akasema hajui kioo kimoja kinatofautianaje na kingine, anachojua ni kwamba Jumamosi alioneshwa kioo akaambiwa amelipwa, na hakuwa amelipwa. Anataka kusikia kwa kinywa cha karani wa benki. Tawi la karibu lilishafungwa siku nyingi, kwa hiyo ni kwenda mjini Ingham.

Walikwenda kwa pikapu yenyewe, watatu kwenye kiti kimoja kirefu, Assunta akiendesha kwa kuwa ufunguo ulikuwa bado wake. Dell alikaa katikati, amebanwa huku na huku. Njiani Corbin alimwambia dereva abadilishe gia, na Assunta akaendelea na gia ileile mpaka injini ikalia.

Karani wa benki alikuwa binti mpole. Alitazama, akasema pesa zimeingia na ziko huru, anaweza kuzitumia hata sasa. Assunta akamfanya aseme tena, na huku akimtazama midomo. Halafu akatia sahihi karatasi za kuhamisha umiliki wa gari alizokuja nazo, herufi moja moja, bila haraka, watu wakijipanga nyuma yake wakipumua kwa nguvu. Akatoa ufunguo kifuani, ukiwa na joto, akauweka juu ya kaunta.

Corbin hakuuchukua mara moja. "Siku mbili umenifanya mwizi," akasema. "Nasubiri uniombe msamaha."

"Msamaha wa nini? Wewe una gari, mimi nina pesa."

Alikuwa mkweli yule kijana, Assunta aliliona hilo na hakulikataa. Lakini Jumamosi ukweli wake haukuwa umeandikwa kwenye paji la uso, na yule wa hundi ndiye aliyekuwa na uso mzuri zaidi. Akija mwingine kesho angemfanyia vilevile, na polenta ileile.

Walipotoka nje ndipo Dell alipokumbuka kwamba gari lake limebaki shambani. Alimkimbilia Corbin, ambaye alishawasha, akamwomba kwa sauti tamu awashushe getini, njia si ni ileile anayoipita kurudi.

Corbin alishusha kioo, akamtazama Assunta, hakumtazama Dell.

"Nauli itumwe kwanza," akasema. "Nikiona imeingia, nitafungua mlango."

Akaondoka, na hakupiga honi wala hakugeuka. Dell alibaki pale kwenye jua, akamgeukia mkwewe, akamwambia maneno ambayo hakuwahi kumwambia tangu aolewe, mbele ya watu wa soko na watu wa posta, kwamba ana roho ya jiwe, kwamba Livio ataambiwa yote, kwamba kile chumba asahau, hata kama atalala chini ya turubai mpaka mvua zije zimwozeshe.

Assunta alimsonya tu. Akamwacha akitafuta mtu wa kumpigia simu, akavuka barabara, akaingia kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alimwambia muuzaji anataka mabati ya nyumba nzima, na misumari yake, na fundi wa kupanda juu kuezeka. Muuzaji akauliza atalipaje. Assunta akavuta kiti, akakaa, akamwambia kwanza ayalete mabati hapo mlangoni ayaone.