Ombi la Mejumaa wa Munje

Aliyeamuru picha zile zichomwe ni mkuu wa ofisi ya pasi niliyoitumikia huko Kwale katika miaka ya hamsini. Aliyezichoma ni mimi, karani wake, kwa mkono huu huu ninaoandikia. Naanza na hilo asije mtu akawatupia majini makosa yetu. Na haya ninayoyasimulia si ya kuambiwa; yalinifika mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu na kalamu mkononi.

Kila aliyekwenda Hija alitoa picha mbili: moja hubandikwa kwenye pasi, ya pili hubaki kabatini kwetu. Kabati lilipojaa, mkuu alitia sahihi barua ya amri asubuhi ya Ijumaa: picha za walio hai zihifadhiwe, za waliokufa zichomwe kabla ya alasiri. Tuliijua watu wawili tu, mimi na yeye, kisha nikaifungia katika mtoto wa meza.

Nilifanya kazi kwa nambari. Nageuza picha, nasoma nambari mgongoni, natazama daftari, naitia katika fungu lake. Upande wa nyuso sikuwa na haja nao. Adhuhuri wenzangu walikwenda msikitini. Mimi nilibaki nikifunga kwa uzi fungu la waliokufa. Naam, sala ya Ijumaa ilinipita kwa ajili ya kazi ile, na hilo pia nitaulizwa.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Mwanamke alikuwa amesimama mlangoni.

"Ofisi imefungwa, bibie."

"Imefungwa, nawe umefungiwa ndani?"

Nilicheka, nikamkaribisha. Alikataa kiti.

"Nimekuja kuomba picha yangu isichomwe."

Hebu niambie, msomaji: nani alimpa habari? Nilimshuku tarishi wetu, ambaye siri kwake haikuwahi kulala. "Zinazochomwa ni za waliokufa," nilimwambia. "Wewe wasiwasi wako nini?"

"Andika kwamba nimekuja mwenyewe."

Nikaandika: Mejumaa binti Hamisi, wa Munje, anaomba picha yake ihifadhiwe. Hakujua kuandika, kwa hiyo nilimsogezea wino, akapiga kidole gumba. Nilipoivuta karatasi, pale alipogusa palikuwa baridi kama ubavu wa mtungi.

"Jumatatu uje na mzee wa mtaa akuthibitishe."

"Jumatatu atakuja mwenye haki zaidi yangu. Niangalie, karani, umjue unayemwandika."

"Jina lako ninalo, bibie. Latosha."

Macho yangu yalikuwa chini, kwenye karatasi. Ndivyo nilivyolelewa: mke wa mtu hakodolewi macho. Nilipoyainua, mlango ulikuwa mtupu.

Sikulifungua lile fungu. Nilifungue kwa nini? Mwenye picha yu hai, amesema nami. Basi picha yake imo katika fungu la walio hai. Hiyo ndiyo hoja niliyojipa, nikajiona mwerevu. Nikatoka uani, nikatia kiberiti.

Jumatatu alifika mzee wa mtaa wa Munje pamoja na msichana aitwaye Riziki, mwari wa kuozwa wiki ile.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Una haja gani?"

"Naomba kuiona picha ya mamangu, Mejumaa binti Hamisi. Kila mtu ananiambia nimefanana naye. Nimefanana na nani?"

"Mamako alikuwa hapa Ijumaa. Mbona hakukwambia?"

"Karani, usimfanyie mzaha yatima," mzee alinikata. "Mejumaa alifia Hija, huyu akiwa hata miaka minne hajatimiza. Alizikwa huko huko, na sala ya ghaibu niliisalisha mimi."

Nilifungua daftari. Mbele ya jina lile, kwa mwandiko wangu mwenyewe: amefariki. Nikatoa fomu yake ya zamani ya pasi, yenye alama ya gumba, nikailaza kando ya ombi la Ijumaa. Kovu lililoikata mistari ya kidole lilikuwa pale pale katika karatasi zote mbili. Mzee aliinama, akatazama, akaanza kusoma Ayatul Kursi.

Riziki hakuogopa. Aliweka gumba lake juu ya alama ya mamake. "Basi ulimwona," alisema. "Uso wake ukoje? Ana mwanya kama huu wangu?"

Picha yake niliishika, nikasoma mgongo. Yeye mwenyewe nilisema naye, nikatazama karatasi. Nililifunga daftari.



Riziki aliolewa bila kuujua uso ule. Mimi nimestaafu, na wallahi, kila Ijumaa adhuhuri nasikia karibu na sikio langu: niangalie, karani. Nageuka, hakuna mtu.

Nawe uliye na sanduku la picha nyumbani na wataka kulipunguza, jihadhari. Zitazame nyuso kwanza. Usiulize nani amekufa. Uliza nani bado hajamwona huyo.

Fungu la walio hai limo bado katika kabati lile. Wengi wao sasa wamekwisha kufa, na amri ile haijafutwa. Kwa hiyo nawataka walioirithi ofisi waifute kwa maandishi, wazikabidhi picha zilizosalia kwa jamaa za wenye picha, na watangaze hadharani majina ya wote waliochomewa picha, pamoja na jina la aliyetia sahihi, na chini yake langu.