Jiko Lililohamia Chumbani

Mtaani walimwita Mama Dengu, na jina lenyewe halikumuudhi. Alikuwa mpiga pasi katika hosteli ya wanafunzi wa kigeni, na jiko la pamoja la hosteli ile ndilo lililokuwa shule yake. Mmoja alimwonyesha namna ya kuchoma biringanya juu ya moto hadi ganda liwe jeusi, nyama yake ya ndani ilainike kama siagi. Mwingine alimfundisha kukanda unga wa ngano kwa mayai na kuukata tambi kwa kisu. Msichana mmoja mkimya alimwachia bizari nyembamba ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi. Wote walirudi kwao, mapishi yao yakabaki kwake.

Nyama hakula tangu usichana. Ukimwuliza sababu, anakuuliza kwani wewe bamia huli kwa nini, na mazungumzo yanaishia hapo.

Mumewe alikuwa fundi wa majokofu, mtu wa nyama hasa. Alikula zake kazini, mchana, na jioni akala alichoandaliwa.

"Leo tumesafiri wapi?" alikuwa akiuliza, akifunua bakuli.

"Kula kwanza. Ukishiba nitakwambia kama tumefika."

"Njia nzima naona majani tu, bibie. Hata mbuzi hajavuka barabara."

"Alikuona wewe, akarudi."

Kiharusi kilimkuta Mama Dengu kazini, pasi mkononi. Kilichukua upande wa kulia na maneno yote. Akili kilimwachia. Hilo Fundi alilijua siku ile ile, kwa jinsi mkewe alivyoyafuata mazungumzo kwa macho na kuyafumba mgeni alipoanza kumsemea kama mtoto mchanga.

Walipomruhusu kurudi nyumbani, muuguzi alimweka Fundi pembeni. Chakula kiwe laini na kizito, kijiko kidogo, akae wima. "Na ale, baba. Amekwisha sana. Akigoma kula mrudishe tumpitishie mpira puani, lakini kwa hali hii nisikufiche, ningependa asifike huko."

Dada mkubwa wa Fundi alikuja na begi lake bila kuitwa. Alikuwa mjane, mwenye mikono ya kazi na mdomo usiochoka. Alimwogesha wifi yake, akamgeuza, akafua mashuka, akashika na jiko. Fundi alirudi kazini akiwa na shukrani zisizosemeka. Jioni alikuta bakuli la dengu zilizosagwa, zina rangi ileile ya manjano, na kazi yake ikawa kulisha.

Mkewe alikula vibaya. Aligeuza uso, akaacha chakula kitiririke kidevuni. Fundi alidhani ni ugonjwa. Alimshika kidevu, akamsugua koo taratibu kama alivyoonyeshwa hospitali, akambembeleza, "Meza, mama. Kimoja tu. Kwa ajili yangu." Naye alimeza, machozi yakimtoka jicho moja. Muuguzi alikuwa amesema wagonjwa wa namna hii hulia ovyo.

Jumapili moja dada alikwenda sokoni. Fundi alitoa bakuli la jana kwenye friji ili alipashe moto, akaliinamisha. Dengu hazikusogea. Zilikuwa zimeganda, zinatikisika kama ubongo, na ukingoni pana utando mweupe wa mafuta. Alikuwa amefungua majokofu ya watu maisha yake yote. Alikaa chini kwenye sakafu ya jiko.

Dada aliporudi alimkuta palepale.

"Dada, umetia nini humu?"

"Nini tena? Dengu."

"Na nini?"

Aliweka kapu chini. "Mchuzi wa mifupa. Mchuzi tu, mdogo wangu. Nyama sikumpa."

"Unajua nyama hali."

"Nimempa nyama mimi? Mifupa yote nimeitoa, nimechuja kwa kitambaa. Mgonjwa ananyanyuliwa na majani? Ulitaka nimwangalie akiisha?"

"Tangu lini?"

"Tangu nije," alisema dada, na sauti ikampungua.

Fundi hakumgombeza. Angemgombeza vipi, na kijiko kilikuwa mkononi mwake? Alikwenda chumbani, akamweleza mkewe yote, hata la kumsugua koo. Mkewe alimtazama muda mrefu, kisha akageukia ukuta.

Kuanzia hapo alifunga mdomo kabisa. Fundi alipika dengu mwenyewe, katika sufuria mpya. Meno yalibaki yamebana. Alijaribu viazi, maboga, maziwa. Hata maji aliyakubali tu yakimiminwa kutoka kwenye chupa aliyoona ikifunguliwa. Mifupa ya mabega ikachomoza. Muuguzi alipopigiwa simu alisema, "Hadi kesho. Akigoma tena, mlete."

Asubuhi Fundi aliburuta meza hadi chumbani, akalipandisha juu yake jiko la gesi. Alifungua dirisha, akamkalisha mkewe wima kwa mito. Akainua sufuria, akaigeuza ili aone hadi chini.

"Tupu," alisema. "Angalia."

Alimwonyesha kila kitu kabla ya kukitia: mafuta ya alizeti, kitunguu, tangawizi, dengu alizoziosha hapo hapo ndani ya beseni. Kitunguu kiliungua. Alikimwaga, akaanza upya. Alipochukua nyanya, mkewe alitoa sauti kooni na kunyanyua mkono wa kushoto.

"Bado?"

Mkono ulibaki juu. Dengu zilikuwa bado ngumu, na nyanya ingezizuia kulainika. Fundi alisubiri. Zilipopasuka, mkono ulishuka, naye akatia nyanya, na bizari mwishoni. Mlangoni dada alisimama akiwa ameshika upindo wa khanga mdomoni.

"Niache nimlishe mimi," alinong'ona. "Nimwombe radhi."

Fundi alimpa kijiko. Dada alipiga magoti kando ya kitanda. "Wifi, nimekukosea. Umeona mwenyewe kimepikwa nini. Hakuna kitu." Akamsogezea kijiko midomoni. Mkewe hakukitazama. Alimtazama mumewe.

Fundi alikielewa alichotakiwa. Alichukua kijiko, akala yeye. Dengu zilikuwa nzuri, zimepungua chumvi kidogo. Kisha akachota kingine, akampelekea. Mdomo ukafunguka.

Alikula bakuli lote siku ile, na siku zilizofuata. Hospitali hawakwenda. Dada alifunga begi lake mwisho wa wiki, na Fundi akaacha simu za wateja zilie, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeweza kupika mle chumbani. Muuguzi alipita, akampima, akampongeza kwa uvumilivu.

Hakuona jambo moja. Baada ya kila kijiko ambacho mumewe alikula kwanza, mgonjwa alingoja. Macho yake yalishuka kwenye koo la Fundi, yakatulia hapo hadi alipoliona limemeza. Ndipo alipofungua mdomo wake.